Kitovu cha Blandina na Kikohozi cha Sifa

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mganga Mkuu, keti kwa amani. Kiti hicho tumekiazima kanisani na hakiyumbi. Sisi akina mama wafuga kuku wa Kansay tunakukaribisha sana.

HISTORIA YETU
Tulianza na kuku. Mambo ya kitovu yalitukuta njiani. Mwenzetu Blandina, huyu mwenye kitenge cha njano, kitovu chake kilianza kuvimba na kutoa damu. Alipomwambia mumewe, Hilary, akajibiwa, "Kitovu kutoa damu? Kwani umezaliwa juzi?"

Mama mkwe hakucheka. "Kitovu cha huyu kilizikwa Mbulu. Kinadai kwao."

Blandina akapelekwa Mbulu, mbuzi akachinjwa, tukala. Kitovu kikatulia, tukapiga vigelegele. Mwezi uliofuata kikaanza tena, na mbuzi ndiyo hivyo, hakurudi.

Akapakwa dawa za kila rangi. Maumivu yakamkunja hadi akawa hasemi, na Blandina, mgeni rasmi, si mtu wa kukaa kimya. Hapo tukaogopa.

MAFANIKIO
Tulimpeleka hospitali, tukampata daktari mama. Akauliza, "Damu inatoka siku zipi?"

"Siku zangu za mwezi."

"Mbona hukusema?"

"Hakuna aliyeniuliza."

Akatueleza kuna ugonjwa unaitwa endometriosisi: nyama kama zile za utando wa ndani ya mfuko wa uzazi huota pengine, na siku zikifika huweza kutoa damu. Mara nyingi huwa kwenye nyonga. Mara chache hufika kitovuni, hata kifuani. Blandina akafanyiwa upasuaji, akapata nafuu. Hilary alimwomba radhi mbele yetu, na sasa anawaelimisha wanaume wenzake kilabuni, kwa sauti kubwa kuliko tulivyomtuma.

CHANGAMOTO
Mwenzetu Sifa hukohoa damu siku zake zikifika. Amepimwa kifua kikuu tena na tena, hana. Majirani wameshamtengea kikombe chake. Tumeambiwa aonwe na madaktari bingwa, nao huku hawafiki.

OMBI
Tulitaka kuomba na barabara, ila umeiona mwenyewe. Tumebakiza moja: utuletee bingwa, au uondoke na Sifa leo. Kiti cha nyuma cha gari lako tumekichungulia, kiko wazi.

Tarehe ya ugeni huu uliipanga wewe. Ya Sifa haipangi mtu, na zimegongana. Kikohozi utakachosikia kutoka jikoni wakati wa hotuba yako si utovu wa adabu. Ni yeye. Begi lake tumeshalifunga.

Mungu awape safari njema, ninyi wawili.

Ni sisi,
Kikundi cha Akina Mama Tupendane, Kansay.
Imesomwa na Angelina Martini, Katibu.