Ijumaa za Mama Cyiza

Wachungaji, majirani na ninyi nyote mliokuja kulia pamoja nasi, mimi ni Musoni, mdogo wake marehemu wa tumbo moja, na familia imenituma niwasomee maisha yake.

Élyse Mukarukundo, tuliyezoea kumwita Mama Cyiza, alizaliwa tarehe 9 Juni 1974 huko Minembwe, Kivu ya Kusini, binti wa mzee Gatete mfugaji, akasoma shule ya msingi hapohapo hadi mwaka wa sita, akaachia hapo ili sisi wavulana tuendelee, jambo ambalo amenitania nalo mpaka mwaka huu. Tarehe 5 Agosti 1995 alifunga ndoa na marehemu Ezira, Mungu akawajalia watoto wawili, Cyiza na Teta, na vita vilipomchukua mumewe alikimbia nao, akapokelewa kituo cha wakimbizi cha Kabazana, huku Uganda, tarehe 17 Oktoba 2012, kisha akapewa kiwanja hapa kambini Nakivale, akaishi kwa kuuza maziwa na kuongoza maombi ya wanawake, ambayo ni ya kufunga, kila Ijumaa.

Mwaka 2018 alipimwa mjini Mbarara akakutwa na ugonjwa wa sukari, akaanza kujidunga insulini, na kwa kuwa hakukubali kuacha kufunga, Teta alikaa nyumbani kumwangalia. Februari 2023 mradi mmoja wa Mbarara, ambao sitautaja mbele ya jeneza, ulimbandika mkononi kifaa kidogo kinachopima sukari na kutuma kipimo bila waya mpaka ofisini kwao, kipimo kikiharibika king'ora kinalia huko, nao wanatupigia simu na kutuma pikipiki. Dada yangu alicheza kwa furaha, na sababu ilikuwa moja tu, Teta sasa aliweza kwenda kusomea uuguzi Nyamitanga, na kweli akaenda.

Lakini kila Ijumaa sukari ilishuka kidogo kwa kufunga, king'ora kikalia, pikipiki ikaja mbio, ikamkuta anaimba. Wangeweza kukaa naye, au kumwuliza mchungaji, wapange naye namna ya kufunga. Walichoka, wakakizima king'ora chake siku za Ijumaa, kama walivyotukiria wenyewe juzi, na sisi hawakutuambia, kwa hiyo simu isipolia tulimshukuru Mungu kwamba mama ni mzima.

Ijumaa ya tarehe 14 Machi 2025 hakufunga. Alikuwa na malaria, Mchungaji Nicodème alikuwa amemkataza, naye akatii, akajidunga sindano yake, akanywa uji, uji wote akautapika. Insulini ikikosa chakula, sukari ikashuka asubuhi ileile, kifaa kikaona, kikatuma, Mbarara wakapokea, na king'ora kikanyamaza kama kilivyoagizwa. Jirani yetu Mama Larissa, aliyejua kwamba siku hiyo hafungi akashangaa kutoona moshi wa mchana jikoni kwa dada, ndiye aliyeingia akamkuta chini, akapiga kelele, tukambeba, akakata roho njiani kabla ya kufika zahanati. Tumeumia, na tuna hasira, sitawaficha.

Tunawashukuru wauguzi wa zahanati waliotoka mbio kutupokea, wanawake wa maombi, wauza maziwa wenzake, na wewe Mama Larissa, Mkatoliki uliyelala nasi kwenye matanga haya ya Waprotestanti kama mtu wa nyumbani.

Wa Mbarara nao tunawashukuru kwa simu, maana walipiga. Jumamosi asubuhi, tulipokibandua kifaa ili mama aoshwe, king'ora chao kililia kwa kuwa kipimo kilipotea, wakapiga kuuliza mgonjwa anaendeleaje. Aliyepokea ni Teta, mikono yake ikiwa na maji, akawajibu, "Ni leo ndiyo munamuuliza mama?" akakata, akarudi kumwosha.

Dada yangu, uliyetuangalia sisi wote, pumzika sasa kwa amani.