Fimbo Iliyoegemezwa Ukutani

Mgeni rasmi, mwenyekiti wa chama chetu cha mchezo wa pool, shikamoo. Tunakusomea risala hii mbele ya meneja wa ukumbi. Tunaogopa.

KARIBU
Karibu katika chumba cha mafundi wa fimbo. Sakafu imeoshwa na kuta zimepakwa rangi kwa ajili yako.

TULIKOTOKA
Tulianza wawili, nyuma ya kaunta, tukibandika ngozi kwenye ncha za fimbo. Leo tuko watano. Kiongozi wetu tunamwita Dada Pasi. Fimbo ikibonyea, hakimbilii msasa. Huweka kitambaa chenye maji juu ya kibonyeo, akagusa kwa ncha ya pasi, mvuke ukaingia, mti ukavimba na kurudi mahali pake. Kisha fimbo hulazwa siku mbili ikauke, ndipo ipakwe nta. Kabla ya nta, mti hunywa unyevu wowote unaoupata.

MAFANIKIO
Kibonyeo cha fimbo yako, uliyoachiwa na marehemu baba yako na utakayofungulia mashindano leo, kimetoka. Pitisha kidole, hutakigundua.

CHANGAMOTO
Juzi, fimbo yako ikiwa imelazwa bila nta, meneja alituamuru kuosha chumba haraka. Maji yakafika rafu ya chini. Katika kuokoa fimbo mbiombio, mmoja wetu akaiegemeza yako kwenye ukuta uliokuwa bado na unyevu wa rangi, ikashinda na kulala hapo. Jana Dada Pasi aliibiringisha mezani, ikadundadunda. Akakaa chini.

"Jamani, imepinda. Tutamwambia nini mtoto wa watu?"

Meneja akasema, "Mpeni hivyo hivyo. Apige moja tu, nani atajua?"

Anatukodolea macho sasa hivi. Lakini mpira ukienda kombo mbele ya umati huu, aibu itakuwa yako, na sisi tutakuwa tumeinyamazia.

MAOMBI
Fungua mashindano kwa fimbo ya ukumbi. Yako tuachie tuikaushe taratibu. Huenda ikanyooka, huenda isinyooke, hatutaki kukudanganya.

La mwisho ndilo zito. Meneja anataka jina la aliyeiegemeza, aondoke kazini leo. Tumekataa kulitoa, tukijua wewe, uliye juu yake, unaweza kutufukuza sote. Dada Pasi aliomba tuandike lake, na juzi hakuwepo kabisa, alikuwa zahanati na mwanawe. Tulimnyang'anya kalamu.

Mungu ampumzishe mzee wako, akujalie afya, na akulainishe moyo.

Ni sisi,
Mafundi wa Chumba cha Fimbo, sote watano.