Nyumba Aliyomwambia Daktari

Kila Jumapili benchi la mbele ya duka la kufulia nguo, pembeni mwa Barcelona, huwa letu sisi Wabolivia, na polisi wa mtaa alishachoka kutuuliza tunasubiri nini. Doña Nemesia huleta chupa ya kahawa. Sisi wengine huleta maoni. Jumapili hiyo Casiano, fundi mwashi, alikuja na utepe wa hospitali mkononi. Alikuwa ameanguka tena kazini, moyo ukisitasita, na wakamrudisha na ushauri wa kupunguza mawazo.

— Wamekuonyesha na pa kuyaweka? akauliza Balozi, ambaye jina hilo alilipata kwa kushinda sana kwenye foleni za ubalozi.

— Fomu imeniuliza kama nimesafiri nchi za joto mwaka huu. Nikaandika hapana.

— Hukudanganya.

— Ningeweza kusafiri, ningeangukia kwetu, niokotwe na watu ninaowajua.

— Sikiliza, ndugu yangu, Balozi akasema. Tatizo ni hewa. Moyo wako uliundwa milimani, kwenye hewa haba. Huku wanakujazia hewa mpaka inamwagika. Moyo unalewa!

— Hewa gani, wewe mzee! Nemesia akaruka. Kondo lake la nyuma limezikwa uani kwao. Linamwita. Likivuta tu, chini!

— Livute kuvuka bahari yote hii?

— Lako halivuti kwa sababu ulizaliwa hospitali, wakalitupa.

Casiano hakucheka.

— Halafu daktari, binti mdogo tu, akaniuliza utotoni nililala nyumba ya namna gani. Nikaona huyu ananidharau. Nikamwambia ya matofali, na bati juu.

Zulma, mpwa wa Nemesia, aliyekuwa amefika juzi tu kutoka nyumbani na bado amevaa sweta mbili, akainua uso.

— Samahani, Don Casiano. Matofali ya kuchoma?

Casiano akazungusha kikombe.

— Udongo. Na nyasi. Mama aliikandika upya kila mwaka kabla ya sikukuu, alama za vidole vyake zikabaki ukutani. Mvua ikinyesha, nyumba nzima ilinukia. Sasa nimpe mtu nyumba ile aikunjie pua?

— Wale wadudu wa ukutani, vinchuka, walikuwemo?

— Nani hakuwa nao? Usiku walitoka kwenye nyufa kutunyonya, asubuhi tukawaponda.

— Basi huyo daktari hakukudharau, mjomba. Wale wadudu huacha kimelea kwenye damu, kinakaa moyoni miaka na miaka, kimya. Shuleni kwetu walitupima wote. Huku hawapimi mpaka wajue ulilala wapi.

— Yaani niende nikamsemee mama yangu vibaya?



— Mama yuko wapi? Zulma akauliza.

— Alikufa. Moyo. Kijiji kizima kilisema ni kwa kunikumbuka mimi. Alikaa mlangoni akiangalia barabara hadi moyo ukasimama. Ndilo ninalolala nalo.

— Yeye alipimwa?

Mashine ndani ya duka zilizungusha nguo za watu. Nemesia akainamisha chupa juu ya kikombe cha Casiano. Halikutoka hata tone.

Casiano akasimama polepole, akishika mgongo wa benchi.

— Kesho narudi kwa yule binti, akasema. Nitamwambia ilikuwa ya udongo. Harufu yake sitamwambia.