Historia ya Mama Supu wa Jiko la Wagonjwa

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu leo, Jumamosi ya tarehe 16 Machi 2024, mkaja kukaa nasi katika uchungu huu, familia inawasalimu, na imemkabidhi karatasi hii shemeji wa marehemu, mdogo wake mume, ambaye anaomba mumvumilie akisita, maana macho yake si mazuri na leo yamezidi.

Marehemu, ambaye wengi wenu hamkuwahi kumwita jina lingine zaidi ya Mama Supu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika zahanati ya kiwanda cha nguo alikofanya kazi baba yake, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano, na mama yake alisimulia mpaka uzeeni kwamba mtoto huyu aliutema uji wa kwanza aliolishwa, ukaongezwa sukari kidogo, akaumeza wote, na tangu siku hiyo nyumba nzima ikajua imepata mkaguzi.

Alianza shule ya msingi ng'ambo ya reli mwaka 1968 akamaliza mwaka 1974, kisha akasoma sekondari ya wasichana kuanzia mwaka 1975 hadi 1978, ambako hisabati ilimpiga chenga kila muhula lakini mapishi yakamkubali, na Januari 1980 akajiunga na chuo cha upishi, akatoka Desemba 1981 akiwa na cheti cha daraja la kwanza na tabia moja ambayo hakufundishwa na mtu, nayo ni kudondosha tone la mchuzi kwenye kiganja cha mkono wa kushoto, kulilamba, kufumba macho, na kutamka kilichopungua bila kujali aliyepika ni nani wala waliokaa mezani ni akina nani. Msomaji wa historia hii ni shahidi, kwa kuwa siku msomaji mwenyewe alipowakaribisha wakwe zake kwa mara ya kwanza, marehemu alionja, akafumba macho, akasema mbele ya baba mkwe kwamba nyama ni mbichi, na jamani, kweli ilikuwa mbichi, ikarudishwa jikoni, uchumba ukapona, lakini msomaji mwenyewe hajapona hadi leo.

Tarehe 7 Januari 1984 aliolewa na fundi saa, huyu tunayemwita Fundi, ambaye mko naye hapa mbele, baada ya binti kupeleka saa ya baba yake dukani mara tatu akidai inachelewa, na Fundi akaifungua mara tatu asione ubovu wowote, hadi mara ya nne alipogundua kwamba mwenye saa ndiye aliyekuwa akiirudisha nyuma kwa mkono wake, akafunga duka akaenda kumtafuta baba wa binti. Walipanga chumba cha chini katika jengo la ghorofa mbili lenye bomba moja uani, na chumba kilichokuwa juu ya kwao kilikaliwa na mama mmoja mjane kutoka Kusini mwa India, mwalimu wa hisabati, mrefu, mwenye maneno ya kuhesabu, ambaye jengo zima lilimwita Mwalimu wa Juu.

Tarehe 3 Septemba 1985 marehemu alijifungua mtoto wa kiume ambaye hakulia, na siku hiyo hatutaisimulia zaidi ya hapo, ila siku tisa zilizofuata hakula kitu, mama yake alibembeleza, dada zake walibembeleza, Fundi alipiga magoti, naye alikuwa ameutazama ukuta tu. Siku ya kumi Mwalimu wa Juu alishuka na kikombe cha chuma kilichofunikwa kisahani, akakaa chini kwenye mkeka, hakutoa pole, hakusema Mungu ndiye anayejua, alisema tu kunywa kabla haijapoa, na marehemu akanywa, labda kwa sababu huyo ndiye mtu pekee ambaye hakumwomba apone. Ilikuwa supu ya nyanya, nyepesi kama maji, yenye ukali wa ukwaju na moto wa pilipili manga, akanywa nusu, machozi yakaanza kumtoka kwa mara ya kwanza tangu hospitali, kisha akadondosha tone kiganjani, akalilamba, akauliza kwa sauti iliyokauka kwamba humu ndani mmetiwa nini, na Fundi aliposikia swali hilo alitoka uani akalia karibu na bomba, kwa kuwa alijua mkewe amerudi.

Mwalimu wa Juu alimfundisha supu ile kwa mwaka mzima, naye akawafundisha wengine, basi hata leo ni haki tuitaje jinsi ilivyo, kwamba unachukua nyanya nne zilizoiva hadi zinalegea, unazikamua kwa mkono ndani ya sufuria, unaongeza maji ya ukwaju uliolowekwa na kuchujwa kokwa, manjano kidogo, chumvi, na chembe ya mvuje, ule utomvu mkavu wenye harufu kali, isiyozidi punje ya mchele, kisha unatwanga pilipili manga, bizari nyembamba na kitunguu saumu pamoja na maganda yake, vivunjike tu visiwe unga, unavitia, unaacha moto mdogo. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo, kwa sababu supu hii haitakiwi kutokota, unasimama unaitazama mpaka povu lianze kupanda pembeni mwa sufuria, na likipanda tu unaepua, ukizubaa ikatokota harufu yote imekwenda na umebaki na maji makali ya nyanya, na mwisho unapasua mbegu za haradali kwenye samli ya moto pamoja na majani ya mchuzi ya Kihindi, unamwagia juu, unafunika haraka.

Tarehe 2 Mei 1987 aliajiriwa katika jiko la hospitali, akapangiwa chakula cha wodi ya upasuaji, na miezi miwili ya kwanza alivutana na mpishi mkuu, aliyesema wagonjwa hawahitaji viungo vya kigeni, mpaka mzee mmoja aliyekuwa amegoma kula siku nne alipokunywa supu hiyo, iliyopunguzwa pilipili, akaomba ya pili, na mpishi mkuu akaruhusu viungo. Alipika supu hiyo kwa miaka thelathini na minne, hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2021, na wapo humu watu waliofungua macho baada ya kupasuliwa wakakutana kwanza na harufu yake, hao ndio waliompa jina la Mama Supu, ingawa wenzake wa jikoni walikuwa na jina lao lingine, Mama Rudisha, kwa sufuria alizozirudisha motoni.

Mwenyezi Mungu aliwajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 11 Novemba 1988, ambaye ni mwalimu wa hisabati kwa mapenzi ya yule jirani wa juu, na kitindamimba wa kiume aliyezaliwa tarehe 20 Aprili 1993, fundi umeme, aliyewasili jana kutoka mbali na kukuta mama yake hawezi tena kumuuliza amekula nini, na pia ameacha wajukuu watatu. Mwalimu wa Juu alirejea kwao mwaka 1999, barua zake zikaendelea kuja hadi mwaka 2006, kisha zikakoma, na marehemu hakuwahi kukubali maana ya kukoma kwa barua hizo.

Kuhusu ugonjwa, mwezi Februari 2023 alianza kulalamika kwamba chakula kinamkaa tumboni, vipimo vikaonyesha uvimbe, akafanyiwa upasuaji tarehe 19 Mei 2023 katika wodi ileile aliyoilisha, akaanza dawa, akapata nafuu, na mwezi Novemba hali ikageuka, akawa kila anachokula kinarudi, isipokuwa kitu kimoja, supu yake ya nyanya. Binti alikuwa kazini mchana, na hivyo Fundi, akiwa na miaka sitini na sita, mtu ambaye hajawahi kujichemshia hata chai, alianza kufunga duka saa tano asubuhi na kuingia jikoni.

Siku ya kwanza aliutia ukwaju na kokwa zake zote, siku ya tatu aliunguza haradali moshi ukatoka dirishani hadi majirani wakaja na ndoo za maji, na siku ya tano akaja na saa ya kuhesabia sekunde, kwa kuwa ndivyo alivyozoea kufanya kazi, akaandika kwenye karatasi dakika saba na sekunde ishirini, akasimama akiitazama saa badala ya sufuria, supu ikatokota, na mgonjwa kutoka kitandani, aliyejua kwa harufu tu, akapaza sauti akisema we Fundi, tangu lini povu likasoma saa. Kila mchana alimpelekea kikombe, kila mchana mkewe alidondosha tone kiganjani, akafumba macho, akasema leo pilipili umeisaga unga, leo umeweka nyanya mbichi, leo umechelewa kufunika, kisha akanywa alichoweza. Alichokitamani Fundi miezi ile minne, na alikuwa akimwambia kila mteja dukani bila kuulizwa, kilikuwa kimoja tu, kumpikia mkewe kikombe kimoja ambacho hatakitia kasoro, lakini wakati huohuo, amekiri mwenyewe, alizipenda zile kasoro kuliko sifa yoyote, kwa sababu mwenye kumkaripia alikuwa bado yupo.

Ijumaa ya tarehe 8 Machi daktari alimwita Fundi pembeni kwenye korido, akamweleza kwamba dawa zimefika mwisho, zimebaki siku, na si nyingi, na Fundi akarudi nyumbani akakubaliana na binti yake kwamba mama asiambiwe. Jumapili ya tarehe 10 Machi, mchana, alipika kama kawaida, mikono ikifanya kazi na akili ikiwa kule kwenye korido, povu likapanda akaliona, akaepua kwa wakati, haradali ikapasuka bila kuungua, akapeleka kikombe. Marehemu alidondosha tone kiganjani, akalilamba, akafumba macho kwa muda mrefu kuliko siku zote, akayafungua, akasema leo umepatia, Fundi, akanywa karibu chote.

Fundi alirudi jikoni karibu akimbie kwa furaha, akachota kijiko ili naye aonje ile supu aliyoihangaikia miezi minne, na hapo ndipo alipogundua kwamba hakutia chumvi hata punje, akaegemea ukuta, kwa kuwa alielewa kwamba ulimi ule umekufa, mke wake ameshaanza kuondoka na hata yeye mwenyewe hajui. Hakumwambia mtu.

Mama Supu alifariki Jumanne ya tarehe 12 Machi 2024, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, kwa saa ya Fundi, ambayo haikosei, akiwa amebakiza siku mbili kutimiza miaka sitini na mitatu.

Alhamisi, siku ambayo ingekuwa ya kuzaliwa kwake, familia ilikaa kuandika historia hii, na tulipofika kwenye ugonjwa Fundi alitusimulia habari ya chumvi, akilia, akisema kwamba kinachomuuma ni mkewe kufa bila kuijua tena ladha ya kitu alichokipenda. Binti akasema, baba, siyo hivyo, akatueleza kwamba Jumapili ile alipoingia kuchukua kikombe mama alimshika mkono, akamwinamisha, akamnong'oneza kwamba baba yako leo hakutia chumvi, ameharibu vyote lakini chumvi hajawahi kuisahau, kwa hiyo daktari amemwambia, na mimi nimeshajua, ila usimwambie kwamba najua, mwache, ana mzigo wa kutosha.

Basi ndugu zangu, huyo ndiye mtu tunayemzika, aliyesoma habari ya kifo chake ndani ya kikombe, akamsifu aliyempikia, akanywa. Tulijadiliana kama jambo hili lisomwe, wengine tukaona ni la ndani mno, lakini Fundi akasema lisomwe, na lisomwe kwa sauti.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya upasuaji, waliomhudumia kama mfanyakazi mwenzao hadi mwisho, wafanyakazi wa jiko la hospitali waliopika chakula cha msiba huu tangu Jumanne bila kuombwa, na ambao kwa heshima yake wamekuwa wakirudisha sufuria motoni, majirani wa ndoo na wasio na ndoo, wateja wa duka la saa waliokubali kusubiri, na kila mmoja aliyekuja kumtazama kitandani akavumilia kuulizwa nyumbani kwako leo mmepika nini. Hatuwezi kuwalipa, tunasema asante.

Fundi hawezi kusimama, ameomba maneno haya yasomwe kwa niaba yake, na msomaji anayasoma kama yalivyoandikwa. Mke wangu, ile supu ya Jumapili haikuwa na chumvi, nilionja nikajua, nikanyamaza, na daktari aliniambia tangu Ijumaa, nikanyamaza pia, nilidhani ninakuficha. Miaka arobaini hukuwahi kuniachia kosa lipite, ukaniachia hilo moja, sasa nalisema mimi mwenyewe mbele ya watu wote, nisamehe, mama, na upumzike kwa amani.