Nani Kaishusha Breka?

Mnaiona hii maiki? Niko nayo mkononi. Mkono wa kulia, ule wenye kovu. Naona dada zangu wa kwaya huko nyuma wameanza kucheka kabla sijasema kitu, kwa sababu wanakumbuka jinsi nilivyokuwa nikiikimbia. Chekeni tu, leo ni siku ya kucheka. Kamwene, ndugu zangu! Haya, na wageni kutoka Mbeya ambao hamjui Kihehe, hamjambo? Asanteni.

Majina ya watu sitataja. Nitasema mume wangu, nitasema mama wa karakana, inatosha. Mume wangu ameniruhusu niseme yote, na yuko pale karibu na dirisha anajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Mnajua mimi ni fundi umeme. Hapa Igowole nimefunga taa kwenye nyumba nyingi zenu nyie mnaonitazama, na wengine mlinilipa kwa viazi, namshukuru Mungu kwa viazi vile. Mume wangu yeye alikuwa mtu wa mashine ya mbao, kule chini barabara ya Mgololo. Siku moja mwenye mashine akaniita nibadilishe nyaya za mota ya msumeno. Nikafika asubuhi, nikaenda kwenye ukuta wa banda la pili, nikashusha breka kubwa ya fezi tatu, ile swichi inayokata umeme wa mashine yote. Nikapima, hakuna umeme. Nikaenda kwenye msumeno, nikafungua, nikaanza kazi.

Sasa ndugu zangu, nawaambia desturi ya pale, ambayo wengi wenu mnaijua. Breka ile ilikuwa ikijikata ovyo. Gogo likiwa bichi, inajikata. Msumeno ukikwama, inajikata. Kwa hiyo yeyote anayepita akiona kishikio kiko chini, anakipandisha. Ni msaada, ni uungwana kabisa. Hata angepita mchungaji siku ile angepandisha, na angesema Bwana asifiwe.

Aliyepita alikuwa mume wangu. Alikuwa ametoka kushusha magogo kwenye lori, hakujua kama nimeshafika. Kutoka pale ukutani huuoni msumeno, kuna banda linakinga. Akaona kishikio kiko chini. Akapandisha.

Mimi nilirushwa. Mkono uliungua, mnauona. Namshukuru Mungu kwa lile lundo la vumbi la mbao, maana ndilo lililonipokea kichwa. Mume wangu alinibeba, akanipakia kwenye lori lilelile la magogo, tukaenda hospitali. Tulipofika ndipo akasema, "Mama Tumaini, ni mimi niliyepandisha." Nikamwambia najua, usilie kwanza, niitie nesi.

Mkono ulipona. Mimi sikupona.

Nawaambia ukweli, niliogopa umeme kuliko mtoto mdogo. Fundi mzima! Swichi ya taa nyumbani sikuigusa. Nilirudia pasi ya mkaa. Simu ilichajiwa na binti yetu Tumaini, samahani, jina limeshatoka, lakini mtoto ni wetu sote. Aliichomoa yeye ndipo mimi nikaipokea, tena kwa kitambaa. Hapa kanisani nikaacha kuimba solo kwa sababu ya maiki. Kuna aliyesema nimesusa, kuna aliyesema nina mapepo, na mzee mmoja alidhani nina mafua, akaniombea nipone. Nilisema amina, ningefanyaje?

Na mume wangu naye, kumbe vilevile. Hakuwa anaogopa kuungua. Aliogopa kushika chochote kinachopandishwa au kuwashwa. Akaacha kazi ya mbao, akabaki na shamba la viazi. Kwa hiyo jioni nyumba ya fundi umeme ilikuwa hivi: mama amekaa, baba amekaa, giza linaingia, wote tunamsubiri mtoto wa darasa la kwanza arudi kutoka kwa bibi yake atuwashie taa. Akiingia tu anasema, "Nyie watu, mmekaa tu?" Anavuta kigoda, anapanda, anawasha.

Tunaicheka sasa. Wakati ule haikuwa ya kucheka, kwa sababu mume wangu alikuwa hanitazami. Huyu mnayemjua kwa maneno mengi, aliyekuwa akiniita kwa nguvu kutoka barabarani ili majirani wote wajue anarudi, akawa anakula akitazama sahani. Mkono wangu ukiwa mezani, anageuza uso. Nilikuwa tayari kuuacha ufundi, nilime viazi mpaka uzee. Lakini nilitaka anitazame usoni tena. Hilo ndilo nililokuwa naliomba kila nilipopiga magoti hapa, wala sikuomba kazi.

Basi nikaenda Mbeya kwa dada yangu, mkono uangaliwe na daktari. Jirani yake ana karakana. Ni mama mmoja wa Kinyakyusa, mnene, mcheshi, anafungia viwanda breka. Dada yangu na mdomo wake akamweleza habari zangu zote. Yule mama akaja hadi jikoni akasimama mlangoni, akasema, "Dada, njoo unisaidie, vidole vyangu vinene." Nikamwambia mama, mimi umeme siugusi tena. Akasema, "Umeme nani amekuambia? Breka hizi bado hazijaonja umeme. Ziko mezani kama mikate. Njoo ukae, kuna chai."

Nilikwenda kwa sababu ya chai.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Breka ya fezi tatu ina njia tatu ndani ya boksi moja, na zote zinafunguka pamoja. Ukitoa kifuniko cha mbele unaona pembeni ya zile njia kuna vyumba vidogo vitupu. Humo ndimo unapachika swichi ndogo, ndogo kuliko kiberiti. Ina kiguu chembamba, na kile kiguu lazima kikae sawasawa dhidi ya kipande kinachosogea ndani. Ukikipachika vibaya kinapinda, swichi inakuwa pambo. Ukikipachika vizuri kinasema *ta*, na nyaya zake unazipitisha pembeni ziende kwenye taa au kengele huko nje.

Siku ya kwanza niliishika kwa kitambaa, na kitu hakina umeme! Yule mama hakunitazama hata mara moja. Alikuwa akimenya karanga na kusimulia habari za wakwe zake. Ya kwanza nikapinda kiguu. Akasema, "Weka pembeni, hiyo tutampa mkwe." Ya pili ikasema *ta*. Ndugu zangu, sauti ile niliipenda. Kesho yake nikarudi bila kuitwa.

Halafu ikafika siku ya kupima. Tunapima kwa kile kipimo cha betri kinacholia. Nikashusha kishikio kwa mkono wangu. Kimya. Nikadhani nimekosea kuipachika. Nikapandisha tena, nikabonyeza kile kitufe chekundu cha majaribio kinachoifanya breka ijikate yenyewe. Kikalia, *piii!* Nikashusha kwa mkono, kimya. Nikapandisha, nikabonyeza, *piii!* Nikamwuliza mama wa karakana, hii ina ugonjwa gani? Akatafuna karanga yake akasema, "Haina ugonjwa. Swichi hiyo inasema pale tu breka inapojikata. Ukishusha wewe mwenyewe, inakaa kimya, maana wewe si hitilafu."

Nikaweka bisibisi chini.

Nikaichukua simu yangu. Ilikuwa kwenye chaji, jamani! Niliichomoa mwenyewe na sikugundua mpaka baadaye. Nikampigia mume wangu, alikuwa shambani. Nikamwambia, sikiliza. Nikashusha kishikio.

"Sisikii kitu," akasema.

"Ndiyo hivyo. Nikishusha mimi, kimya. Sasa sikiliza hii." Nikapandisha, nikabonyeza. *Piii!*

"Hiyo ni nini?"

"Hiyo ni breka imejikata yenyewe. Ukiweka taa ukutani, ikijikata inawaka nyekundu. Mtu akiishusha kwa mkono, haiwaki."

Nikasikia akitupa jembe chini. Halafu akasema polepole, "Kwa hiyo siku ile taa isingewaka."

"Isingewaka, baba."

"Na mimi ningejua kuna mtu. Ningeuliza."

"Ungeuliza."

Akalia. Mwanaume mzima, katikati ya matuta ya viazi, akalia, na mimi Mbeya nikalia, na mama wa karakana akalia ingawa hakujua tunalilia nini, na karanga akazimwaga. Ndipo nilipofahamu kwamba mume wangu hakuwa ananikwepa mimi. Kwa mawazo alikuwa anarudi kila siku pale ukutani, anatafuta alama ambayo ingemzuia, na haikuwepo. Sasa ilikuwepo, mkononi mwangu.

Nilirudi Igowole na breka kwenye kapu, juu yake nimefunika maparachichi. Mwenye mashine alikubali. Umeme ulikatwa nje kwenye nguzo, nikafunga ile breka, nikavuta nyaya, nikaweka taa nyekundu kubwa ambayo hata asiye na miwani anaiona. Niliogopa, msidhani sikuogopa. Lakini nilifunga.

Umeme uliporudishwa nikaishusha kwa mkono, nikaenda kusimama mbali na msumeno, mikono kifuani. Nikatuma mtu amwite mume wangu. Alikuja na udongo wa shamba miguuni. Wote wakaacha kazi wakamtazama. Akasimama mbele ya ukuta uleule. Kishikio kiko chini. Akainua macho kwenye taa. Haiwaki.

Akageuka, akapiga kelele, ile sauti yake ya zamani ya kutokea barabarani, "NANI KAISHUSHA?"

"MIMI!" nikajibu.

"NIPANDISHE?"

"PANDISHA, BABA TUMAINI!"

Akapandisha. Msumeno ukazunguka. Wamama wanaouza chai pale nje wakapiga vigelegele, wakadhani kuna mtu anaolewa. Na mume wangu akalizunguka lile banda mbio, akaja akanishika huu mkono wenye kovu mbele za watu, akanitazama usoni.

Sasa tunafunga hizo swichi hadi Iringa mjini. Nina kufuli pia la kufungia kishikio kikiwa chini, ufunguo wake natembea nao shingoni, msije mkasema fundi anategemea taa peke yake. Namshukuru mama wa karakana, yule pale mwenye kitenge cha njano. Mama, ndaga fijo, asante sana. Nawashukuru mlioniombea, hata yule wa mafua. Na ninachowaachia ni kimoja: ukikuta kitu kiko chini, kiwe breka, kiwe mtu aliyenyamaza nyumbani kwako, usikimbilie kupandisha. Uliza kwanza nani yuko upande wa pili.

Nyumbani jioni siku hizi tunagombania kuwasha taa, mimi na baba. Juzi Tumaini aliingia akakuta imeshawaka. Akakitazama kigoda, akatutazama sisi, akanuna. "Hiyo ilikuwa kazi yangu," akasema.

Bwana awabariki. Ndugu wa mitambo ya sauti, kaa tu, usinyanyuke. Maiki naizima mwenyewe.