Ukurasa wa Saba: Maisha ya Mwalimu Oddny Myrland, 1941–2019

Ndugu, majirani, na ninyi nyote mliowahi kukaa kwenye madawati ya darasa lake la pili, familia inawashukuru kwa kufika. Marehemu aliacha agizo kwamba wasifu wake usizidi kurasa mbili. Alikuwa amehudhuria mazishi mengi hapa Tverrvika na kuwaona watu wakisinzia. Mwanawe Eilif, ndiye anayewasomea, amejitahidi.

Oddny Leirvåg alizaliwa tarehe 3 Machi 1941 katika kisiwa cha Ytre Sandvær, pwani ya Helgeland, mtoto wa nne kati ya watano wa Peder na Magnhild. Baba yake alikuwa msimamizi wa gati. Bahari ikichafuka, meli ya mizigo haikufunga kamba, ilipunguza mwendo tu, na Peder alikuwa na pumzi moja ya kumfikishia nahodha lile la lazima: daktari anatakiwa, au unga umekwisha. Mengine yote upepo uliyachukua. Oddny alisimama kando ya baba yake tangu akiwa na miaka minne, na alizoea kusema kwamba kila alichokuja kukifundisha alikiokota pale gatini.

Alianza shule mwaka 1948. Visiwani siku zile watoto walisoma siku moja na kukaa nyumbani siku inayofuata, maana mwalimu alikuwa mmoja na makundi mawili. Baadaye alikwenda shule ya kati mjini Sandnessjøen, akilala kwa shangazi yake, kisha chuo cha ualimu cha Nesna, alikohitimu mwezi Juni 1964. Msimamizi wake wa mazoezi ya kufundisha aliandika kwenye ripoti: "Anasema kidogo mno." Ripoti hiyo ilining'inia kwenye friji yake hadi mwaka huu.

Tarehe 17 Agosti 1964 aliingia darasa la pili katika shule ya Tverrvika, na hakutoka humo hadi alipostaafu Juni 2006. Alifundisha hesabu, nyimbo na kufuma, lakini kilichomnyima raha na kumpa raha kilikuwa kimoja: kumfanya mtoto wa miaka minane asome habari nzima, kisha aseme habari hiyo inasema nini hasa. Watoto, alisema, hunyakua sentensi ya kwanza na kukimbia nayo. Pembeni mwa sentensi hiyo aliandika kwa penseli maneno ambayo nusu ya waliomo kanisani wanayajua kwa moyo: "Si hili. Endelea." Ukiendelea na kulipata wazo kuu, alikuchorea kivuko kidogo chenye bomba la moshi. Hakutoa nyota wala maksi, ni kivuko tu.

Alichora kivuko kwa sababu kila Ijumaa saa tano asubuhi aliwapanga watoto gatini kivuko kikiondoka. Walikuwa wamesoma habari darasani. Sasa injini inanguruma, mabaharia wako sitahani, na kila mtoto ana pumzi moja. Utapiga kelele nini ili watu wa ng'ambo wajue ulichosoma?

Mwezi Oktoba 1965 zamu ilikuwa ya Torleif Nygård. Habari ilihusu dubu anavyolala majira yote ya baridi bila kula. Torleif akavuta pumzi na kupiga kelele moja tu: "Dubuuu!" Kivuko kikavuka na neno hilo. Ng'ambo, pale Hamnes, wanaume wakatoka na bunduki, watoto wakafungiwa ndani hadi jioni, na mkuu wa polisi akapiga simu shuleni kuuliza huyo dubu ameelekea wapi.

"Amelala," alijibu Mwalimu Oddny.

"Amelala wapi?"

"Ukurasa wa ishirini na mbili."

Jumatatu yake hakumgombeza Torleif. Alimwambia mbele ya darasa, "Umewatajia jina la mnyama, mwanangu. Sasa waambie anafanya nini, ili wanaume wa watu wakanywe kahawa." Torleif yuko hapa leo, safu ya tatu, ana miaka sitini na miwili, na bado anaona haya.

Fundi wa mitambo wa kivuko hicho alikuwa Halfdan Myrland. Kwa miaka miwili alisikia kelele za Ijumaa akiwa chini kwenye mafuta. Siku moja ya Aprili 1967 alipanda sitahani mikono myeusi, akasubiri watoto wamalize, kisha akapiga kelele yake: "Oddny! Nikuoe!"

Binti mmoja akamvuta mwalimu mkono. "Mwalimu, hilo ndilo?"

"Hilo ndilo," akasema Oddny, na wanasema uso ulimwiva.

Walifunga ndoa tarehe 24 Juni 1967 katika kanisa hili hili. Mungu aliwajalia watoto wawili, Gunnvor mwaka 1969 na Eilif mwaka 1972. Wote wawili walipitia darasa la pili la mama yao, na hakuna aliyependelewa. Gunnvor alipata vivuko vingi kuliko mtoto yeyote wa mwaka wake. Eilif anakumbuka vitatu.

Halfdan aliaga dunia ghafla tarehe 9 Februari 2009. Hapa familia iliona isifiche jambo ambalo kijiji kizima kinalijua. Wiki tatu baada ya mazishi, bendi ya shule ilikuwa na soko lake la mitumba, na Oddny akapeleka nguo za mumewe, masanduku manne. Kwake huo ulikuwa usafi na msaada. Gunnvor, ambaye ni mkunga Trondheim, alikuja Pasaka na kumkuta mwalimu wa bendi anapiga tarumbeta akiwa amevaa koti la baba yake. Aliondoka kwa kivuko cha kwanza bila kunywa hata kahawa.

Mwezi Oktoba alimwandikia mama yake barua ya kurasa kumi na moja. Mwezi Novemba barua hiyo ilimrudia kwa posta, kurasa zote, bila karatasi nyingine yoyote ndani ya bahasha. Sentensi yake ya kwanza ilisema, "Mama, wewe huna moyo." Pembeni mwake, kwa penseli, ilikuwa imeandikwa: "Si hili. Endelea."

Gunnvor alikuwa na miaka arobaini na amerudishiwa uchungu wake umesahihishwa. Aliitia barua kwenye droo, na kwa miaka tisa mama na binti walipelekeana kadi za Krismasi zenye jina tu chini.

Eilif alijaribu kuwapatanisha, tena si mara moja. Mama alimjibu, "Mimi nilishamjibu. Zamu ni yake." Dada alimjibu, "Ndiyo, alinijibu! Kwa penseli!" Kwa kuwa wote wawili walikubaliana kwamba jibu lilitolewa, Eilif akaamini lilikuwa jibu baya sana, akaacha kuuliza. Hilo ni kosa lake, na ameomba lisomwe pamoja na mengine.

Asubuhi ya tarehe 6 Januari 2019 Mwalimu Oddny alipatwa na kiharusi jikoni kwake. Aliokoka, lakini upande wa kulia ulilala na maneno yalimtoka. Aliporudi nyumbani mwezi Februari yalikuwa yamebaki matatu: "ndiyo", "kahawa", na "ukurasa wa saba". La tatu alilisema asubuhi na jioni, akipiga mkono wa kiti kwa kidole, na macho yalimjaa machozi kwa hasira ya kutoeleweka. Mwanamke aliyetumia maisha yake kufundisha watoto kufikisha jambo moja, sasa alikuwa na jambo moja na hakuna aliyelipokea.

Eilif alimletea kitabu cha nyimbo, ukurasa wa saba. Akatikisa kichwa. Akamletea fomu za kodi. Akatikisa kichwa kwa nguvu zaidi. Kwenye kitabu cha mapishi ukurasa wa saba ulikuwa madonge ya samaki, na Eilif akayapika siku tatu mfululizo. Mama aliyala yote, akafuta mdomo na kusema, "Ukurasa wa saba." Muuguzi wa wilaya alishauri aache kupika.

Jioni ya tarehe 27 Februari Eilif alimpigia dada yake simu.

"Gunnvor, mama kila siku anasema ukurasa wa saba."

"Wa kitabu gani?"

"Ningejua ningekupigia?"



"Barua yangu ilikuwa na kurasa kumi na moja," Gunnvor alisema polepole.

"Ile aliyokurudishia? Na ukurasa wa saba ameandika nini?"

"Sijui. Niliona penseli kwenye wa kwanza nikaitupa drooni."

"Uliishia wa kwanza? Wewe dada? Wewe wa vivuko chungu nzima?"

"Nyamaza, Eilif. Usikate simu."

Alisikia droo zikifunguliwa, kitu kikianguka, karatasi zikipekuliwa. Kisha akamsikia dada yake akilia, na Gunnvor si mtu wa kulia.

Kurasa tano zilizofuata ule wa kwanza zilikuwa safi, isipokuwa alama ndogo za penseli pale mama alipokuwa akisimama na kusonga mbele, kama alivyosoma kila kitu maishani mwake. Ukurasa wa saba, katikati ya lawama kuhusu masanduku manne, Gunnvor alikuwa ameandika: "Nilitaka sweta moja tu ya baba, kabla sijasahau harufu yake." Pembeni kulikuwa na kivuko kidogo chenye bomba la moshi. Chini yake mama aliandika: "Hilo ndilo. Ile ya bluu sikuitoa, nalala nayo. Njoo tugawane."

Miaka tisa mama alidhani amemwita binti yake na binti amekataa kuja. Miaka tisa binti alidhani amepewa maksi.

Gunnvor alifika tarehe 2 Machi, siku moja kabla ya mama yake kutimiza miaka sabini na minane. Eilif alimsukuma mama kwenye kiti cha magurudumu hadi gatini, amefunikwa blanketi mbili, sweta ya bluu mapajani. Kivuko kilikuwa bado hakijafunga kamba na injini ilikuwa inanguruma vilevile. Gunnvor alisimama mbele kabisa sitahani, akavuta pumzi, akapiga kelele ambayo wenye duka waliisikia: "Mama! Nimekuja!"

Na Mwalimu Oddny, ambaye kwa wiki nane hakuwa na maneno zaidi ya yale matatu, alisema kwa sauti ndogo ambayo Eilif pekee aliisikia, "Hilo ndilo." Baada ya hapo hakusema tena "ukurasa wa saba", hata mara moja. Hakuwa na haja nayo.

Gunnvor alichukua likizo na kuhamia chumba chake cha utotoni. Walipata miezi mitano na nusu. Asubuhi alimsomea mama gazeti la wilaya, na mama aliinua kidole cha kushoto sentensi yenyewe ilipofika. Walibishana pia, kwa kidole na kwa macho, hasa kuhusu habari za manispaa, ambazo mama aliona mara nyingi hazina wazo kuu lolote. Eilif alipoingia na kuwakuta wakicheka bila maneno, alirudi nje akakaa kwenye ngazi, akapumua. Alikuwa hajapumua vile tangu mwaka 2009.

Mwishoni mwa Julai kiharusi cha pili kilimrudia, na tangu hapo alilala zaidi kuliko kukesha. Mwalimu Oddny Myrland aliaga dunia kitandani kwake saa nne asubuhi ya tarehe 21 Agosti 2019, wiki ambayo watoto wa Tverrvika walikuwa wamefungua shule. Gunnvor alikuwa ameshika mkono mmoja na Eilif mwingine. Familia inalia, lakini haitawaficha kwamba pia imefarijika: hakuteseka siku zile za mwisho, na hakuondoka akisubiri.

Ameacha dada, Aslaug wa Sandnessjøen, watoto, Gunnvor na Eilif, mkwe, Bente, wajukuu watatu, Sunniva, Aksel na Marit, na wanafunzi wanaokaribia mia sita. Baada ya maziko wote mnakaribishwa ukumbi wa shule kwa mikate, keki na kahawa. Kama mnashangaa kumwona Gunnvor na sweta nzito ya bluu kwenye joto hili la Agosti, sasa mnajua. Mikono imefumwa upya kwa uzi wa mama.

Juzi usiku wasifu huu ulikuwa haujapata mwisho. Eilif alimsomea dada yake, kisha akamuuliza, kivuko kingekuwa kinaondoka sasa hivi, wangepiga kelele nini juu ya maisha haya. Yeye alipendekeza: "Alifundisha miaka arobaini na miwili."

"Si hilo," alisema Gunnvor. "Endelea."

"Alimpenda baba."

"Endelea."

Eilif alichoka, akampa penseli. Gunnvor hakufikiri sana. Aliandika haya, akachora kivuko pembeni, na ndiyo yaliyochapishwa mwisho wa karatasi mliyoshika:

"Aliniita, na nikafika angali hai."

Pumzika sasa, Mwalimu. Tumekusoma hadi ukurasa wa mwisho.