Mteremko Unaong'aa

Mshonaji mstaafu alijifanya anasoma gazeti ndani ya basi, lakini masikio yake yote yalikuwa kwa majirani. Dada aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu alikuwa ametambua kwamba fundi mwashi aliye kando yake ndiye aliyejenga mteremko wa kuingilia maktaba.

"Miaka yote nilibebwa kuingia pale kama gunia la mkaa," alisema. "Jana nimepanda peke yangu. Asante, kaka."

"Usinishukuru, dada yangu. Niliupiga niru, ile saruji laini ya juu, ukang'aa kama sahani. Mvua ikinyesha utateleza. Kesho naufunga, niuchonge kwa patasi uparuze."

"Kesho ndiyo naanza kazi pale. Unataka nibebwe mbele ya wasomaji siku ya kwanza?"

"Bora ubebwe kuliko uvunjike."

"Hujawahi kubebwa wewe."

Fundi akajikuna kidevu. Mshonaji akageuza ukurasa ambao hakuwa ameusoma. Tangu azaliwe hajasikia fundi akilalamika kwamba kazi yake inapendeza mno.

"Basi nichonge upande mmoja, mwingine nikuachie."

"Kiti changu kina magurudumu pande zote mbili, kaka."

Wote wawili wakacheka. Kisha dada akasema polepole, "Hata ukiufunga, nakushukuru. Nimezoea watu wanaobishana kama niingie au nisiingie. Wewe ni wa kwanza kubishana nami niingie vipi."

Basi likasimama, dereva akashusha daraja la mlangoni la kuteremshia kiti. Wakashuka, fundi akiapa mvua iko njiani, dada akimwonyesha mbingu zilivyo nyeupe bila wingu. Mshonaji, ambaye kituo chake kilikuwa bado mbele, akakunja gazeti akawafuata.